Jinsi ya kuchagua matairi yanayobana mafuta bila kuharibu breki

Kama ulinunua gari dogo au la haibridi kwa sababu linakula mafuta kidogo, sehemu ya ubanaji huo ilitoka kiwandani ikiwa imefungwa kwenye rimu. Magari ya aina hii mara nyingi hufungwa matairi mepesi kuviringika, kwa kuwa mtengenezaji anatafuta kila tone analoweza kuokoa. Matairi hayo yanapokwisha, mwenye gari huingia dukani, hutaja saizi, hufungiwa yaliyopo, na wiki chache baadaye, akiona mafuta yanaisha upesi, huanza kumshuku fundi au kituo cha mafuta.

Msimamo wangu niuseme mapema. Tairi la kubana mafuta lina faida ya kweli, lakini kwenye orodha ya vigezo ninaliweka nafasi ya tatu, nyuma ya saizi sahihi na ushikaji wa barabara kukiwa na mvua. Mpangilio wa hatua zilizo hapa chini umefuata hivyo.

Mafuta yanapotelea wapi kwenye tairi

Tairi lililobeba gari si duara kamili. Sehemu inayogusa barabara hubonyea, ikiinuka hurudi kwenye umbo lake, na kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hilo hutokea takriban mara 11 kila sekunde. Mpira haurudishi nguvu yote iliyoubonyeza; inayobaki hugeuka joto. Pinda waya kwenda na kurudi mara kadhaa kisha uguse pale ulipoupinda, utaelewa. Nguvu hiyo inatoka kwenye tangi lako.

Hasara hii huitwa ukinzani wa kuviringika, na kipimo chake cha kawaida ni kilo kwa tani. Tairi lenye ukinzani wa 10 maana yake ni kwamba kila tani ya gari inahitaji msukumo sawa na uzito wa kilo 10 ili tu matairi yaendelee kuviringika kwenye barabara tambarare. Matairi mengi ya magari madogo yapo kati ya 6 na 12. Kumbuka kipimo hiki, maana hesabu yote ya baadaye inakitegemea.

Kwa miaka mingi mtengenezaji aliyepunguza joto la mpira alipoteza kitu kingine: ama tairi liliteleza kwenye maji, ama liliisha upesi. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni matairi ambayo sehemu ya masizi ya kaboni yaliyochanganywa kwenye mpira ilibadilishwa kwa silika (unga wa madini unaofanana na mchanga), na mvutano kati ya ubanaji na ushikaji ukalegea. Haukuisha. Hadi leo, ubanaji mafuta, ushikaji wa barabara yenye maji na maisha marefu bado vinavutana, na tairi linalodai kushinda kote kwa bei ya chini linastahili kutiliwa shaka.

Faida yenyewe ni kiasi gani? Transportation Research Board, taasisi ya utafiti wa usafiri ya Marekani, ilihitimisha mwaka 2006 kwamba kupunguza ukinzani wa matairi kwa asilimia 10 huboresha matumizi ya mafuta kwa asilimia 1 hadi 2. Kwa hiyo ukihama kutoka tairi zito kuviringika kwenda tairi jepesi sana, tarajia asilimia 3 hadi 5, labda zaidi kidogo kama ulikotoka ni kubaya mno. Anayekuahidi asilimia 15 kwa matairi peke yake anakuuzia ndoto.

Hatua ya 1: Angalia gari lako linatembea wapi

Ukinzani wa matairi hubadilika kidogo tu na mwendo. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukusukuma nyuma mara nne. Kwa gari dogo la kawaida, nguvu hizo mbili hulingana kwenye kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Chini ya hapo matairi ndiyo mlaji mkubwa, juu ya hapo hewa inatawala.

Anayetembea mwendo wa wastani kwenye lami nzuri ndiye anayefaidika zaidi. Anayekimbia kilomita 120 kwa saa kila siku ataokoa mafuta mengi zaidi kwa kushuka hadi 100 kuliko kwa kununua tairi lolote duniani. Na wa njia za mawe na mashimo asahau mwongozo huu: anahitaji tairi lenye ubavu imara, kwa sababu tairi moja lililopasuka hula akiba ya mafuta ya miezi mingi.

Safari fupi nazo zina jambo lake. Tairi baridi lina ukinzani mkubwa kuliko lililopata moto, na huchukua takriban nusu saa ya mwendo kufikia joto lake la kawaida. Ukiwa unatembea dakika kumi halafu unaegesha, hutafika kamwe kwenye namba zilizopimwa maabara, ingawa tairi zuri bado litakuwa mbele ya tairi baya.

Hatua ya 2: Saizi, mzigo na mwendo, bila kujadiliana

Fungua mlango wa dereva utafute kibandiko kwenye fremu yake, au angalia kitabu cha gari. Chukua mfano wa 195/65 R15 91H. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni fahirisi ya mzigo, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615. Herufi H ni ukomo wa mwendo, kilomita 210 kwa saa.

Usishuke chini ya fahirisi ya mzigo iliyoandikwa, hata kama tairi la chini yake ni jepesi na linabana zaidi. Hapo hakuna mjadala.

Panapo nafasi ya kuchagua ni pale kibandiko kinaporuhusu saizi zaidi ya moja. Magari mengi yanaruhusu 195/65 R15 na pia 205/55 R16, na vipenyo vyake vya nje vinakaribiana mno. Kwa ubanaji, chagua rimu ndogo na tairi jembamba kati ya zilizoruhusiwa: mara nyingi seti hiyo ni nyepesi, inakata hewa vizuri zaidi, na bei yake iko chini. Waliofunga rimu za inchi 17 au 18 kwa ajili ya mwonekano wanalipia urembo huo kila wanapojaza tangi. Wakirudi kwenye rimu ya awali wanaweza kupata faida kubwa kuliko ya kubadilisha aina ya tairi, ilimradi rimu hiyo inapita juu ya breki bila kugusa.

BMW i3 ya umeme ilitoka na matairi ya 155/70 R19, membamba na marefu ajabu, kwa sababu kipenyo kikubwa hupunguza ukinzani na wembamba hupunguza hewa. Lakini gari lile lilichorwa kuanzia mwanzo kwa matairi hayo. Wewe usiige kwa kubuni saizi yako.

Hatua ya 3: Mvua iwe mlango wa kuingilia

Kabla ya kuuliza tairi linabana kiasi gani, uliza linasimama vipi kwenye maji. Kibandiko cha Umoja wa Ulaya kinachokuja na tairi jipya hupima ubanaji mafuta na pia ushikaji huo kwa herufi, A hadi E. Kati ya herufi moja na inayofuata, gari lililofunga breki likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa husimama mita 3 hadi 6 mbele zaidi. Ukishuka herufi mbili, umeongeza hadi urefu wa magari mawili au matatu.

Mimi nakata hivi: A au B kwenye mvua inaingia kwenye orodha yangu. C inaingia tu kama mvua ni nadra na mwendo ni mdogo. D na E hazinihusu, hata ziwe na A ya mafuta iliyokolezwa kwa kijani. Matairi ya bei ya chini yenye A ya mafuta na D ya mvua yapo, na hayo ndiyo yanayochafua jina la aina nzima. Siku hizi matairi yenye A kote kuwili yanapatikana kwa saizi nyingi, kwa hiyo hulazimiki kuuza breki ili ununue mafuta.

Hatua ya 4: Soma namba, usisome jina

Bridgestone Ecopia, Continental EcoContact, Michelin e.Primacy, Goodyear EfficientGrip, Yokohama BluEarth: haya ni majina ya matairi yaliyoundwa kwa nia ya kubana mafuta, na ni pazuri pa kuanzia utafutaji. Ila jina si ushahidi. Tairi la jina moja linaweza kupata A kwenye saizi fulani na C kwenye nyingine, kwa hiyo tafuta daraja la saizi yako kamili pamoja na fahirisi zake.

Kibandiko cha Ulaya kinachotumika tangu Mei 2021 kina madaraja matano. Kwa matairi ya magari madogo, A ni kilo 6.5 kwa tani au pungufu, B ni 6.6 hadi 7.7, C ni 7.8 hadi 9.0, D ni 9.1 hadi 10.5, na E ni kuanzia 10.6. Kina pia msimbo wa QR unaokupeleka kwenye taarifa za tairi hilo hilo. Uchanganue kwa simu ukiwa bado dukani. Kibandiko cha zamani kiliishia G na hakikutumia D kwa magari madogo, hivyo E ya wakati ule inalingana na D ya leo. Usilinganishe herufi za kibandiko cha zamani na za kipya moja kwa moja.

Japani ina mfumo wake tangu 2010: AAA, AA, A, B na C kwa ukinzani, na herufi ndogo a hadi d kwa mvua. AAA ni ile ile 6.5 au pungufu, AA inalingana na B ya Ulaya, na A yao inalingana na C ya Ulaya. Hapa watu huteleza: wanaona A ya Japani wakadhani wamepata kilele, kumbe ni daraja la tatu.

Kama tairi halina kibandiko chochote, mambo ni magumu kidogo. Alama za Marekani zilizo ubavuni, yaani namba ya uchakavu na herufi za mvutano na joto, hazisemi lolote kuhusu ukinzani. Tafuta tovuti ya mtengenezaji. Ukikosa huko pia, rudia tairi lile lile gari lilikotoka nalo kiwandani, na angalia alama ndogo za ubavuni: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes-Benz, AO kwa Audi. Alama hizo zinaonyesha toleo lililotengenezwa kwa vipimo vya mtengenezaji wa gari, na linaweza kutofautiana na tairi la jina hilo hilo lisilo na alama.

Matairi ya theluji na yale ya kashata nene (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) za njia mbaya huwa na ukinzani mkubwa zaidi. Kama huendi huko, usiyabebe.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo wengi hukisia, na hakuna sababu ya kukisia. Kwa gari la petroli, makadirio ninayotumia ni haya: kwa kila tani ya gari, kila kilo moja kwa tani unayopunguza kwenye ukinzani inaokoa karibu lita 0.08 kwa kilomita 100.

Chukua gari la kilo 1,300 pamoja na abiria. Tairi la kwanza lina ukinzani wa 10, la pili 7.5. Tofauti ni 2.5. Zidisha 1.3 kwa 2.5 kwa 0.08, unapata lita 0.26 kwa kilomita 100. Kama gari linatumia lita 6, hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 4, ambayo inakaa vizuri ndani ya ile asilimia 3 hadi 5 ya awali. Kwa kilomita 40,000 umeokoa lita 104.

Sasa chukua tofauti ya bei ya seti nzima ya matairi manne, uigawanye kwa bei ya lita moja ya petroli. Ukipata lita 60, nunua la kubana. Ukipata 150, halilipi, labda kama unajali moshi kuliko mfuko, na hiyo nayo ni sababu halali. Ukipata 100, chagua lenye breki bora.

Kuna mtego mmoja kwenye hesabu hii. Baadhi ya matairi yanayobana hupata wepesi wao kwa kuwa na kashata fupi tangu mwanzo: mpira kidogo, joto kidogo. Uliza kina cha kashata za tairi jipya. Likiwa na milimita 6.5 wakati jirani yake lina 8, huenda likaisha kilomita nyingi mapema, na zile lita 104 zikawa 75 huku ukiwa umekaribia kununua seti nyingine. Gawa bei kwa kilomita unazotarajia, usitazame bei peke yake.

Kwa gari la umeme, badilisha namba: kila tani na kila kilo moja kwa tani huokoa takriban uniti 0.3 za umeme (kWh) kwa kilomita 100. Gari la tani 1.8 likipunguza ukinzani kwa 2 linaokoa uniti moja na kidogo. Kama linatumia uniti 15, hiyo ni asilimia 7 hivi, na umbali wa kwenda bila kuchaji unaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Gari la umeme hurudishiwa sehemu ya nguvu linapofunga breki, lakini joto lililoishia kwenye mpira halirudi kamwe. Ndiyo maana wenye magari haya wanapaswa kuwa wakali kuliko sisi wa petroli.

Hatua ya 6: Dukani

Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni; zinaonyesha tairi lilitengenezwa lini. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani miaka mitatu likipewa punguzo bado linaweza kufaa. La miaka sita mimi siligusi.

Nunua manne ya aina moja. Bajeti ikigoma, nunua mawili ya aina moja na yafungwe nyuma, kwa sababu gari likipoteza ushikaji wa nyuma kwenye maji ni vigumu kulirudisha kuliko likipoteza wa mbele. Kuhusu naitrojeni ya kulipia: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Fanya alaimenti siku hiyo hiyo. Matairi yanayoelekea pande tofauti yanaburutwa badala ya kuviringika, na yatakwisha kabla hujafaidi chochote.

Hatua ya 7: Upepo

Upepo unaofuatwa ni ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa juu, si pendekezo. Kulingana na takwimu za serikali ya Marekani, kila psi 1 (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye matairi yote manne hula asilimia 0.2 ya mafuta. Ukiyaacha yashuke kwa psi 7, umepoteza asilimia 1.4, yaani theluthi nzima ya faida tuliyoipigia hesabu. Pembeni ya hapo, mabega ya tairi yanaliwa na joto linapanda.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe kama unaweza, walau mara moja kwa mwezi. Tairi zima hupoteza karibu psi 1 kwa mwezi bila pancha yoyote, na hali ya hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hushuka tena kwa psi 2 hivi. Gari likijaa watu na mizigo, kibandiko hicho hicho huwa na safu ya pili ya namba kubwa zaidi. Itumie.

Wapo wanaojaza upepo kupita kiasi ili wabane zaidi. Tairi litaviringika kwa wepesi, kweli. Litagusa barabara kwa eneo dogo pia, katikati italika mapema, na mashimo yatafika mgongoni mwako bila kupungua.

Hatua ya 8: Pima matokeo kwa haki

Hapa ndipo matairi mazuri huhukumiwa kwa makosa ambayo si yao. Tairi lililochakaa lina ukinzani mdogo kuliko lilivyokuwa jipya, kwa sababu mpira mwingi uliokuwa unapata joto umeshasagika. Kwa hiyo jipya la kubana linashindanishwa na kipara kilichokuwa kwenye ubora wake wa mwisho wa ubanaji, ingawa kwenye mvua kipara hicho ni hatari tupu.

Halafu kuna mita ya kilomita, ambayo huhesabu mizunguko ya gurudumu na haijui barabara. Tairi la 195/65 R15 lenye kashata za milimita 2 ni dogo kwa karibu asilimia 2 kuliko lenye milimita 8. Likiwa limechakaa huzunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na dashibodi inakuzawadia kilomita ambazo hukutembea. Ukifunga mapya, zawadi hiyo inaondoka. Kwenye gari la lita 6 tofauti hiyo ni lita 0.12, karibu nusu ya faida yako yote, na imepotea kwenye maandishi tu.

Kwa hiyo acha kilomita mia kadhaa zipite kwanza. Kisha jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, tembea hadi liishe karibu lote, jaza tena kwenye pampu ile ile, na ugawanye lita kwa kilomita za GPS badala ya zile za dashibodi. Rudia kwa matangi kadhaa kwenye njia zako za kila siku, maana tangi moja linaweza kudanganya kwa zaidi ya asilimia 4 kwa sababu ya foleni au kiyoyozi tu.

Ukiona matokeo bado yako mbali na hesabu, anza na upepo, kisha alaimenti. Vyote vikiwa sawa, mwambie fundi anyanyue gurudumu moja moja yale yasiyoendeshwa na injini, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiwa, alizungushe kwa mkono. Likisita na kukwaruza, breki imegoma kuachia, na hiyo itengenezwe kwanza kabla hujalilaumu tairi.